Cheti cha nyonga kwa mbwa wa kuzalisha ni nini?

Ukitafuta mtoto wa German Shepherd, Rottweiler au Boerboel hapa Kampala, muuzaji atakuhakikishia kwamba wazazi wana "karatasi zote". Mara nyingi anamaanisha karatasi za ukoo, ambazo hueleza mbwa ni mtoto wa nani na basi. Habari za mifupa yake ziko kwenye cheti kingine, cha nyonga, na hicho ndicho cha kuulizia.

Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kwa mbwa wengine, hasa wa maumbo makubwa, kikombe hakina kina cha kutosha au kiungo kimelegea, hivyo kichwa kinachezacheza, gegedu inalika na yabisi inaingia. Hiyo ndiyo displasia ya nyonga. Hurithiwa kupitia jeni nyingi, na kumlisha mtoto kupita kiasi ili awahi kuwa mkubwa huizidisha. Mbwa anaweza kulinda geti miaka kadhaa bila kuchechemea huku akiwarithisha watoto, kwa hiyo kumtazama anavyotembea hakutoshi.

Inatakiwa eksirei, tena ya namna maalumu. Mbwa hupewa dawa ya kumtuliza, hulazwa chali, miguu ya nyuma hunyooshwa sambamba na magoti kugeuzwa ndani kidogo. Akilala upande hata kidogo, nyonga moja itaonekana mbovu kuliko ilivyo. Unaweza kukagua mwenyewe: yale matundu mawili ya fupanyonga yawe na ukubwa sawa pande zote mbili. Jike aliye kwenye joto, mwenye mimba au anayenyonyesha asubiri, maana homoni zinaweza kulegeza kiungo.

Daktari aliyepiga picha si yeye anayetoa cheti. OFA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1966, huwapa picha wataalamu watatu wa radiolojia, kila mmoja aisome peke yake. Kuna madaraja saba; matatu ya juu ndiyo hupata namba ya cheti, na mbwa lazima awe ametimiza miezi 24. Picha ya miezi minane ni ya awali tu, hata ikiwa safi vipi. Mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hutumia herufi, A kwa nyonga nzuri hadi E kwa mbovu kabisa. Waingereza huhesabu kasoro, 0 hadi 53 kwa kila nyonga, na alama chache ndizo nzuri, kwa hiyo anayejisifia alama 90 hajui anachosema. Njia nyingine, PennHIP, hupima ulegevu wa kiungo kuanzia wiki 16, lakini hufanywa tu na daktari aliyefunzwa njia hiyo.

Kwa aliye Uganda, mbwa hahitaji kusafiri: picha ya kidijitali hutumwa kwa intaneti. Tatizo ni kumpata mpigaji. Mashine peke yake haisaidii. Muulize daktari wa mifugo kama amewahi kupiga nyonga za kutumwa nje, na kama namba ya chipu, kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, itachapwa kwenye picha yenyewe.

Wazazi wenye nyonga nzuri bado wanaweza kuzaa mtoto mbovu, kwa hiyo ulizia na ndugu zao. Halafu omba chipu ya mama isomwe mbele yako, na namba yake uilinganishe na ya kwenye cheti kabla hujatoa shilingi.