Wafranko-Mauritius si Wafaransa

Bado nasikia watu wakimwita Paul Bérenger, waziri mkuu wa Mauritius kati ya 2003 na 2005, "yule Mfaransa". Bérenger ni Mmauritius, mzaliwa wa kisiwa hicho. Ni Mfranko-Mauritius, yaani raia wa Mauritius aliyetokana na walowezi wa Kifaransa wa enzi za ukoloni. Watu hawa ni wachache, kama asilimia 2 tu ya wananchi.

Ufaransa ilikitwaa kisiwa mwaka 1715 na kukiita Isle de France. Mwaka 1810 Waingereza wakakiteka. Ungedhani walowezi wangefunga virago, lakini masharti ya kusalimu amri yaliwaachia mali, dini, sheria na desturi zao. Bendera ikabadilika, mashamba ya miwa yakabaki mikononi mwa walewale. Kwa hiyo Ufaransa haijawatawala watu hawa tangu 1810. Waliotawala hadi uhuru wa 1968 ni Waingereza.

Mashamba hayo yalilimwa na watumwa kutoka Madagascar, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, fidia ya takriban pauni milioni 2 walilipwa mabwana. Waliolima hawakupata hata senti.

Hapo ndipo linaponiudhi kosa la pili, la kuwaita Wafranko-Mauritius "Wakrioli". Katika makoloni mengine neno hilo liliwahi kumhusu Mzungu aliyezaliwa ng'ambo. Mauritius, Mkrioli ni mtu mwenye asili ya Afrika na Madagascar, kizazi cha wale watumwa, na mlowezi kwa Kikrioli huitwa "blan", mweupe. Katiba nayo imechangia mkanganyiko: inataja jamii za Wahindu, Waislamu na Wachina, kisha waliobaki wote inawaweka katika kundi moja la "umma wa jumla". Mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa wanahesabiwa pamoja humo, ingawa maisha yao hayajawahi kufanana.

Basi, ukikutana na Mzungu wa Curepipe, mji wa Mauritius, mwenye jina la Kifaransa, mwite Mmauritius, na asili yake uitaje pale tu inapohitajika. Kama ni raia wa Ufaransa unaowazungumzia, hao wako kisiwa jirani cha Réunion, ambacho ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946, na huko weusi kwa weupe wote ni Wafaransa.