曌: herufi ya jina la Wu Zetian na matamshi yake

Herufi 曌 karibu haina kazi katika Kichina ila kuandika jina la mtu mmoja: Wu Zetian, mwanamke pekee aliyetawala China kwa cheo cha kaizari, kuanzia 690 hadi 705. Mwaka 689 zilitangazwa herufi mpya kadhaa, na hii akaichukua iwe jina lake. Juu ina 日, jua, na 月, mwezi. Chini ina 空, utupu au anga. Maana yake ni kuangaza, sawa na herufi ya kawaida 照.

Herufi nyingi za Kichina hubeba kipande kinachodokeza sauti. Hii haina. Tumejuaje basi inavyosomwa? Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni mwiko. Jina la mtawala halikutajwa ovyo, na hata neno lililofanana nalo kwa sauti liliepukwa. Neno 詔, amri ya kifalme, lilifanana nalo, kwa hiyo likaondolewa katika nyaraka za serikali na mahali pake pakawekwa 制. Bila kukusudia, makarani wale wametuhifadhia matamshi: 曌, 照 na 詔 zilisikika sawa.

Hadi leo zinasikika sawa, kila lugha kwa njia yake. Kimandarini, lugha rasmi ya China, husema zhào, karibu na “jao”, ncha ya ulimi ikirudi nyuma na sauti ikiporomoka kutoka juu. Kikantoni, lugha ya Kichina ya Hong Kong, husema ziu3, karibu na “tsiu”; namba 3 ni ya toni, yaani kimo cha sauti, na hii ni ya kati isiyopanda wala kushuka.

Wengi hudhani Kikantoni ni Kimandarini kilichopindishwa. Si kweli hata kidogo, na herufi hizi zinaonyesha hivyo. Maneno haya yalikuwa katika kundi moja la toni la Kichina cha kale. Katika Kimandarini, kundi lote limekuwa toni ya nne. Kikantoni kililigawa: yaliyoanza na konsonanti sighuna (zisizotetemesha koo, kama t) yakaingia toni ya 3, yaliyoanza na konsonanti ghuna (zinazolitetemesha, kama d) yakaingia ya 6. Ndiyo maana 召, kuita, ni zhào vilevile mjini Beijing, lakini Hong Kong ni ziu6. Sikio la Mkantoni linatenganisha 照 na 召 papo hapo. La mtu wa Beijing halina cha kushika.

Ukitaka kuiandika 曌 kwenye simu yenye kibodi ya Kichina, chapa zhao kisha shuka chini sana kwenye orodha.