Pikapu ya shingoni na ya darajani: tunayoambiana na yalivyo

"Kaka, pikapu ya shingoni imekufa." Dogo alinijia hivyo Ngamiani, gitaa limefungwa kwenye shuka. Pikapu ni kile kifaa cha sumaku chini ya nyuzi kinachokamata mtikisiko wake: ya shingoni iko karibu na shingo ya gitaa, ya darajani iko karibu na pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini, na swichi huchagua ipi isikike. Nikachomeka waya kwenye ampu, nikafungua sauti kidogo, nikachukua bisibisi ndogo na kugonga taratibu vichwa vya sumaku vya pikapu ya darajani. Ko, ko, ko. Nikahamisha swichi, nikagonga ya shingoni. Kimya. Nikaichezesha swichi mara kadhaa mpaka ikakoroma kwenye spika, nikagonga tena: ko.

Pikapu ilikuwa hai. Swichi ndiyo iliyoota kutu. Nikamuuliza mara ya mwisho aliitumia lini ile ya shingoni.

"Siitumii. Mimi si napiga solo?"

Upepo wa bahari wa Tanga hauachi chuma salama, na vibati vya ndani ya swichi visiposuguana kwa miezi hufanya utando. Kwa hiyo gitaa liliharibiwa na sentensi moja ambayo sote tumeisikia: shingoni ni rithimu, darajani ni solo. (Nasema pikapu ya gitaa, si ile inayoleta machungwa ya Muheza.)

Sehemu ya imani hii nadhani imetoka kwenye kibati. Magitaa ya Les Paul ya kampuni ya Gibson, yaliyoanza kuuzwa 1952, yamezoeleka na kibati cha duara kwenye swichi. Upande wa pikapu ya shingoni pameandikwa rithimu kwa Kiingereza, upande wa darajani pameandikwa trebo, yaani sauti za juu, kali. Soma vizuri: trebo. Neno solo halimo. Sisi ndio tuliolijazia.

Solo na rithimu ni kazi ya mtu ndani ya bendi. Mji huu uliozaa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz unapaswa kulijua hilo kuliko miji mingine: mpiga solo ni yule anayebeba ile sauti inayoimba juu, swichi yake ikae popote. Wes Montgomery wa Marekani, aliyepiga solo kwa kidole gumba, alikuwa na Gibson ya kutengenezewa yenye pikapu moja tu, ya shingoni. Naye Malcolm Young wa bendi ya roki ya AC/DC, mtu wa rithimu maisha yake yote, aliing'oa ya shingoni kwenye gitaa lake la Gretsch akabaki na ya darajani. Kwa kanuni ya dogo wangu, hao wawili wangebadilishana kazi.

Dhana ya pili huwa nasikia kwa mafundi, na mimi mwenyewe iliwahi kunila hela. Fundi mmoja aliniuzia pikapu "yenye trebo" niiweke shingoni ili pasivume. Nikaiweka. Pakavuma vilevile. Ukali wa darajani hautoki hasa kwenye pikapu, unatoka mahali ilipokaa. Nenda uani, tikisa kamba ya kuanikia nguo. Katikati inapepea sana, karibu na msumari inacheza kidogo tu. Uzi wa gitaa nao ni hivyo. Pikapu ya shingoni iko pale uzi unapopepea kwa upana, kwa hiyo inakamata ile sauti ya msingi, nene. Darajani mpepeo huo ni mdogo, basi vile visauti vidogo vya juu vinavyotembea ndani ya uzi huohuo vinapata nafasi ya kusikika. Stratocaster, magitaa ya kampuni ya Fender, za miaka ya 1950 zilikuwa na pikapu tatu za aina moja, na bado zilitoa sauti tatu. Siku hizi watengenezaji wengi huzungushia ya darajani waya mwingi zaidi, ili isizidiwe nguvu na mwenzake aliyekaa penye mpepeo mkubwa.

Kwa hiyo pia si kweli kwamba ukipunguza toni darajani unapata shingoni. Kitasa cha toni kinakata cha juu, hakiongezi cha chini ambacho pikapu haikukikamata tangu mwanzo. Unapata sauti ya darajani iliyofunikwa blanketi. Na wenye Stratocaster za mpango wa zamani wajue kwamba pikapu ya darajani humo haina toni kabisa. Vitasa viwili vya toni ni vya shingoni na katikati. Ndiyo maana mtu anazungusha mpaka kidole kinachoka na hakuna kinachobadilika.

Kuna wajuzi wanaosema pikapu ya shingoni lazima ikae chini ya mahali ambapo freti ya 24 (freti ni vile vyuma vya kukingama shingoni) ingekuwepo, eti hapo ndipo "penye utamu". Ni robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, sawa, lakini robo hiyo ni ya uzi ulio wazi. Ukibana freti ya 3 tu, uzi umekuwa mfupi na robo imehama. Pikapu haikuhama nayo. Utamu ule labda ni wa mtu asiyebana nyuzi.

Kuhusu mvumo wa umeme, pikapu ya mzunguko mmoja wa waya inauokota, iwe shingoni au darajani. Umeme wetu unakwenda kwa hertzi 50 na ndiyo sauti ile unayoisikia ukiacha kupiga. Seth Lover wa Gibson alitafuta dawa yake mwaka 1955 kwa kuweka mizunguko miwili inayofutana. Kuhamisha swichi kwenda mbele au nyuma si dawa. Kuwasha zote mbili huweza kuwa dawa, kama moja imezungushwa kinyume.

Na hapo katikati ndipo wengi wanapapita mbio. Stratocaster ya 1954 ilikuja na swichi ya vituo vitatu. Wapigaji wakagundua ukiikwamisha baina ya kituo na kituo, pikapu mbili zinalia pamoja na unapata sauti nyembamba, safi, yenye kama tundu ndani yake. Fender waliongeza vituo hivyo rasmi 1977. Kwa rithimu ya dansi mimi sauti hiyo naipenda kuliko zote, maana inakaa pembeni bila kumgusa mwimbaji.

Hili ndilo nililomwambia dogo tukisubiri swichi ikauke dawa ya kutu: usichague pikapu ukiwa peke yako chumbani. Chumbani shingoni ni asali. Ukifika ukumbini, kuna besi, kuna kinanda kinachojaza kila pengo, na ile asali yako inazama humo isionekane. Darajani, ambayo nyumbani ilikukera masikio, ndiyo inayopenya. Lakini kama mwenzako wa rithimu naye kakaa darajani, mnakwaruzana hapohapo, na mwimbaji anapiga kelele bure.

Wiki iliyofuata tulipiga pamoja harusi moja Makorora. Kinanda kilichelewa, gari liliharibika njiani. Tukaanza magitaa mawili na besi, na dogo akaingia solo yake na pikapu ya shingoni, nene, inaimba taratibu, wazee wakaacha wali wakageuka. Wimbo wa tatu kinanda kikawasili, kikachomekwa, kikamwaga sauti ukumbi mzima. Nilikuwa najiandaa kumkonyeza. Sikuwahi. Niliona kidole chake cha mwisho kikishuka kwenye swichi, tak, bila hata kuacha noti aliyokuwa ameishika.