Kipimo cha neva kikitoka safi, dai halijafa

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya askari wastaafu wa Marekani: kipimo cha neva kikisema "kawaida", sahau fidia ya ulemavu. Si kweli. Mpimaji hupitisha mishtuko midogo ya umeme kwenye ngozi, kisha sindano nyembamba, isiyo na dawa, husoma umeme wa misuli. Kipimo hiki hunasa neva nene. Zile nyembamba, zinazowasha nyayo moto usiku, huweza kuharibika zisionekane. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Soma mwenyewe kanuni za shirikisho, namba 38, kifungu 4.123, kuhusu ulemavu wa neva: zinataja dalili, yaani maumivu, hisia zilizovurugika na misuli kusinyaa. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Na siku ya kupimwa, usijipake losheni.