Filamu ya nje ya kioo cha mbele: ni nini, na hubandikwaje

Filamu ya nje ni plastiki nyembamba, angavu, inayobandikwa upande wa nje wa kioo cha mbele ili kokoto ziipige yenyewe kabla ya kufika kwenye kioo. Wengi huichanganya na tinti. Tinti hubandikwa ndani ya gari, kazi yake ni kupunguza mwanga na joto, na haiwezi kuzuia jiwe kwa kuwa jiwe limeshapiga kioo kabla ya kuifikia.

Kioo cha mbele kina mabamba mawili, kila moja unene wa kama milimita 2, na katikati yake utando wa plastiki uliogandishwa. Kokoto ikirushwa na trela, bamba la nje hupata kidonda kidogo chenye umbo la nyota, la ndani likabaki zima. Kidonda hicho ndicho kinachozaa ufa baadaye, hasa gari likianikwa juani kisha kiyoyozi kikapuliza baridi kwenye kioo. Filamu hulitandaza pigo kwenye eneo pana zaidi, likafika kwenye kioo likiwa limepungua nguvu. Haizuii kila kitu. Nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo jiwe lilelile linalokupiga kwa kasi ya 100 km/h lina nguvu mara nne ya lile la 50 km/h. Jiwe la ukubwa wa ngumi litavunja kioo, filamu iwepo isiwepo.

Kwa Mombasa, anayeihitaji kweli ni mwenye gari la kupanda na kushuka barabara ya Nairobi, nyuma ya malori ya Miritini, Mazeras na Mariakani. Gari linalozunguka mjini tu, kati ya Nyali na Kizingo, halina haraka nayo.

Filamu nyingi za kioo ni za poliesta, unene wa maikroni 100 hadi 200 (milimita 0.1 hadi 0.2), na juu zina utando mgumu wa kuhimili waipa. Utando huo ndio unaoitofautisha na filamu ya kulinda rangi ya bodi. Ile ya bodi ni laini, hunyumbuka, na ikiwekwa kwenye kioo huvuruga macho kidogo kama maji yanayotiririka, kisha waipa huikwaruza mapema. Fundi akikuambia "ni ileile tu", tafuta mwingine.

Kabla ya kubandika, kioo kikaguliwe. Kidonda kilichopo kizibwe kwanza kwa gundi maalumu ya vioo, maana filamu haiponyi ufa. Kisha kioo kioshwe, utomvu na lami vikwanguliwe kwa wembe mpya kikiwa kimelowa, na mwisho kipanguswe kwa alkoholi ya isopropili. Hatua hii ya mwisho hurukwa sana. Kama kioo kiliwahi kupakwa dawa ya kufukuza maji ya mvua, gundi ya filamu haitashika, na pembe zitaanza kuachia.

Maji ya kazi yawe yaliyochujwa, si ya kisima. Maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi, nayo chumvi ikikauka chini ya filamu huacha madoa yasiyotoka. Tia shampuu ya watoto kama nusu kijiko cha chai kwa lita. Ikizidi, filamu itateleza na kukataa kushika. Ikipungua, itanata kabla hujaipanga.

Kioo kimepinda, filamu imenyooka. Hapo ndipo fundi hujulikana. Filamu hutandazwa juu ya kioo ikiwa bado na karatasi yake ya nyuma, mikunjo inasukumwa pembeni, kisha hupigwa hewa ya moto mpaka isinyae na kufuata umbo. Kwa kuwa husinyaa zaidi kwa mwelekeo mmoja, uangaliwe kabla ya kukata jinsi filamu ilivyoviringishwa kwenye bunda. Moto ukikaa mahali pamoja huunguza filamu, na unaweza hata kupasua kioo. Ikishakaa umbo, karatasi ya nyuma hutolewa, kioo na gundi vinyunyiziwe maji ya shampuu, filamu irudishwe, na maji yakamuliwe kwa kipangusio kigumu kuanzia katikati kwenda kingoni. Ukingo ukatwe milimita chache ndani ya mwisho wa kioo. Ukingo ukigusa raba, huokota vumbi na kuinuka.

Haya yote yafanyike ndani au kivulini, kioo kikiwa hakijashika moto. Upepo wa Kaskazi ukivuma gerejini, kila chembe ya vumbi inayoingia itabaki humo. Ukungu kidogo na vipovu vya maji hukauka vyenyewe kwa siku au wiki kadhaa. Chembe ya vumbi haiondoki.

Magari mengi yanayotoka Japani yana kamera nyuma ya kioo, kama EyeSight ya Subaru. Soma kitabu cha gari kwanza. Pakikatazwa kubandika kitu mbele ya kamera, usibandike.

Siku mbili za kwanza waipa zisitumike. Baada ya hapo zifungwe mpya, na zisiwashwe kamwe kioo kikiwa kikavu chenye vumbi na chumvi ya bahari. Waosha magari waambiwe wasitumie brashi ngumu wala dawa ya kioo yenye amonia.

Filamu hii huisha. Kwa jua la hapa usitarajie miaka mingi. Mmoja au miwili ni kawaida. Iangalie usiku: taa za gari linalokuja zikichora upinde wa mikwaruzo mbele yako, muda umefika. Ipashe moto kidogo, inua pembe moja, ivute polepole ikiwa karibu kulala juu ya kioo, na gundi iliyobaki ifutwe kwa alkoholi. Ikicheleweshwa hukakamaa na kung'oka vipande vidogovidogo, na hapo fundi atakutoza muda wake wote.