Yule askari wa shaba wa Samora Avenue, Dar es Salaam, ni nani hasa?

Dhana: Barabara hii ilianza na jina la Samora.
Enzi za Wajerumani iliitwa Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, kisha ikawa Independence Avenue. Samora Machel wa Msumbiji alikuja baadaye, na anastahili.

Dhana: Mnara wa Saa ulijengwa na Wajerumani.
Hapana. Ni kumbukumbu ya Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji, mwaka 1961.

Dhana: Yule askari wa shaba ni mpigania uhuru.
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana maelfu hupita pale kwenye makutano na mtaa wa Azikiwe kila siku. Sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1927, chini ya utawala wa Mwingereza. Inawakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi lake katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, vita ambavyo Wazungu walivileta kwetu. Sogea karibu usome: maandishi yapo kwa Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu.

Dhana: Basi ni Wajerumani walioiweka.
Wao waliweka nyingine papo hapo, ya gavana wao Hermann von Wissmann. Mzungu alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Iliishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo huyu wa sasa, asiye na bwana juu ya kichwa chake, alichukua nafasi ya yule.

Dhana: Ukumbusho ule ni wa wapiganaji peke yao.
Maandishi yanawataja pia wapagazi, na ni haki yao. Walibeba risasi na chakula porini, wakafa kwa wingi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kambi yao ilikuwa pale Kariakoo. Lakini kwenye jukwaa la Samora hakuna sura ya mpagazi hata mmoja, amesimama mwenye bunduki tu. Mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson, alimpa mpagazi nafasi kwenye sanamu ya Nairobi, Kenyatta Avenue. Kwetu ameachiwa maandishi tu, na wachache husimama kuyasoma.