Hesabu kukaguliwa si dhamana ya kutoibiwa

Unguja na Pemba, ushirika ukisomewa ripoti ya mkaguzi, wanachama hushusha pumzi: hesabu zimekaguliwa, basi hakuna aliyekula. Dhana hii ni ya siku nyingi, na haiko sawa. Mkaguzi wa nje hupitia sampuli ya nyaraka ili aseme kama taarifa ya fedha inaaminika kwa jumla. Hapekui kila risiti.

ACFE, chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao Marekani, kilichambua kesi 1,921 katika ripoti yake ya 2024. Asilimia 43 ziligunduliwa kwa taarifa za watu, zaidi ya nusu yao wafanyakazi wa ndani. Ukaguzi wa nje uligundua asilimia 3 tu.

Ndivyo ilivyo. Mwanachama wa Wete akilipa shilingi 200,000, na nakala ya kitabuni ikaandikwa 20,000, mkaguzi aliyeshika kitabu ataona nini? Risiti halisi iko nyumbani kwa mlipaji. Anayejua ni karani wa meza ya pili, aliyesikia noti zikihesabiwa. Huyo tumlinde, tusimwite mchongezi, na ajue kwamba ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi Zanzibar, hupokea taarifa kama yake.